Ngamia Hamsini wa Mguu wa Aabo

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia kwetu na mama yake, wametoka Sangailu, na kabla hajaketi harufu yake ilinifikia: poda ya mtoto mchanga na ngozi iliyolowa jasho. Nilijua hata kabla ya kuangalia. Poda ni ya kigutu, kile kipande cha mguu kinachobaki, isipopakwa ngozi inachubuka. Na ile ngozi nyingine ni ya mbuzi, inafungwa juu ya magongo ili kwapa lisiumie. Kijana alikaa, akalaza magongo chini, na mama yake hata hakungoja maji ya kunywa.

"Wewe ndiye yule msichana anayejua maneno ya jeshi?"

"Ni mimi, eeddo," nikamwita, yaani shangazi.

"Basi tuambie. Mguu mmoja, serikali inatoa ngamia wangapi?"

Kijana aliangalia ukuta. Mimi nilitaka kucheka, na nilitaka kulia pia, lakini kulia kunachukua muda na mimi sina subira hiyo. Nikaenda kuweka chai. Maji yakachelewa kuchemka kama kawaida, na pale nimesimama na majani ya chai mkononi nikakumbuka yote. Nayaandika kwa sababu najua wengine wenu, wa rika langu, mmekulia nyumba kama yetu na hakuna mtu aliyewaeleza kitu.

Nilikuwa darasa la tatu. Aabo, baba yangu, alikuwa dereva wa lori la jeshi, na vitu vyote vizuri vya nyumba yetu vilitoka kwenye huo usukani: bati jipya, tanki la maji, na mimi kusoma akademi ya kulipa, ile yenye sweta ya kijani ambayo kwa joto la Garissa hakuna aliyeivaa, tuliifunga kiunoni tu. Halafu kuna barabara ya kwenda Hulugho, na kuna kitu mtu alikizika kwenye hiyo barabara, na lori la Aabo likapita juu yake.

Alilala hospitali Nairobi mpaka nikaanza kusahau sauti yake. Aliporudi alikuwa amekonda, na suruali upande wa kulia imekunjwa na kushikwa kwa pini kubwa, ya zile za kufungia watoto nepi. Alileta begi moja. Ndani ya begi kulikuwa na viatu vyake vya jeshi, vyote viwili. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikaa kwenye mkeka, akavipaka rangi nyeusi, akavisugua na kitambaa mpaka vikang'aa. Cha kushoto alivaa. Cha kulia alikirudisha kwenye begi. Mimi niliona hiyo ni akili. Mguu ukirudi, utakuta kiatu tayari.

Hakuna aliyeniambia haurudi. Watoto wa kwetu hawaambiwi, wanasikia. Unatumwa kupeleka chai kwa wanaume, unatembea polepole, unamimina polepole, na yale unayoyasikia unayapanga mwenyewe kichwani. Ukiyapanga vibaya, hakuna wa kukurekebisha.

Hata jina lake lilibadilika. Kwetu mtu mwenye alama anaitwa kwa alama yake, hakuna kuficha. Muuza nyama wa karibu na sisi aliitwa Jicho kwa sababu alikuwa na moja, na ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake hageuki. Aabo alikuwa anaitwa Dereva. Siku ya kwanza aliyotoka na magongo mpaka kwenye kibanda cha chai, Jicho mwenyewe akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Langare! Karibu mjini!" Langare ni kiguru. Nilishika jiwe. Aabo akanishika mkono.

"Acha. Wakianza kuninyamazia ndiyo ujue nimekufa."

Basi jioni moja baada ya sala ya alasiri wanaume walikuja kukaa na Aabo. Mkubwa wao alikuwa Adeer Gedi, yaani ami Gedi, binamu ya Aabo upande wa baba, msemaji wa jamaa zetu. Kukitokea ugomvi, mtu ameumizwa au ameuawa, yeye ndiye anakaa kwenye mkeka na watu wa upande wa pili na kupanga diya, sisi tunaiita mag. Hiyo kazi aliijua kama mimi ninavyojua jina langu. Mtu mzima ni ngamia mia. Wakilipa, jamaa wote wanachanga; wakilipwa, jamaa wote wanagawana. Na ikishalipwa watu wanashikana mikono na kesi imefungwa, hakuna kurudi nyuma.

"Mguu ni nusu ya mtu," Adeer Gedi alisema, anakoroga chai yake. "Hapo hakuna mjadala. Ngamia hamsini."

"Na nani atalipa?" mmoja akauliza. "Aliyezika ile kitu hata hajulikani."

"Alikuwa kwenye gari la nani? Kwa kazi ya nani? Mwenye gari ndiye analipa. Serikali."

Nilimwangalia Aabo vizuri nikimimina chai, nikajaribu kuona hiyo nusu iliyopotea ni ipi, maana kwangu alionekana karibu wote yuko. Lakini neno lililonishika lilikuwa lile lingine. Hamsini. Nyumba yetu itapata ngamia hamsini, na wanatoka Nairobi.

Kesho yake nilianza kazi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo kati ya choo na ukuta wa jirani, nikaanza kukiwekea boma. Nilikokota matawi ya miiba kutoka kando ya laga, ule mto mkavu, mikono ikatoboka, nguo ya shule ikapasuka, nikaendelea. Ile boma ilitosha mbuzi wawili, tena wakiwa marafiki. Ayeeyo, mama yake Aabo, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anafukiza vyombo vya maziwa. Hooyo, mama yangu, alikuwa anauza maziwa ya ngamia sokoni, na kila jioni Ayeeyo aliweka kaa la moto ndani ya kila chombo, akalitikisa, akafunika, ili moshi uingie kwenye mbao na maziwa yasiharibike kwa joto. Nguo zetu zote zilinuka huo moshi.

"Degdeg," aliniita. Hilo ndilo jina alilonipa, yaani haraka haraka. "Unajenga nini?"

"Boma ya ngamia wa Aabo."

Aliangalia boma. Aliangalia mikono yangu.

"Mlango uweke mashariki," akasema, akarudi kwenye moshi wake.

Huyo Ayeeyo alikuwa na hadithi moja, na wakati wa kufukiza vyombo alikuwa lazima aisimulie, na mimi nilikuwa nimechoka nayo kabisa. Kwamba kulikuwa na ukame, ngamia wao wote wakafa, Aabo akiwa bado ananyonya na maziwa ya Ayeeyo mwenyewe yamekauka. Kwamba mtu mmoja, wala si wa ukoo wetu, rafiki tu wa babu, akawaletea ngamia jike mwenye maziwa, akasema, "Kameni mpaka Mungu alete mvua." Ngamia si wao, maziwa ni yao. Kwamba ndugu fulani wa babu walikuja na njaa zao wakitaka wamchinje wagawane nyama, na Ayeeyo akakaa mbele ya yule ngamia na fimbo siku nzima. "Ngamia wa maziwa wa kuazimwa hachinjwi," ndivyo alivyomalizia kila mara. "Hagawanywi, hatolewi mahari, hatolewi diya. Ni wa kinywa cha mtoto." Mimi nilikuwa nasema, "Ndiyo Ayeeyo, ndiyo Ayeeyo," nikingoja amalize niende zangu. Kwangu ngamia mmoja tena wa kuazimwa haikuwa habari. Sisi tulikuwa tunangoja hamsini.

Shule ilipofungua muhula hatukuwa na karo. Mshahara wa Aabo ulikuwa umesimama tangu jeshi limwachishe kazi kwa sababu ya mguu, na kitu cha kuchukua mahali pake kilikuwa hakijaja. Mwalimu alisoma majina yetu asubuhi, tukasimama mbele.

"Na wewe baba yako anasemaje?"

"Karo iko njiani, mwalimu. Inakuja kwa miguu."

Darasa likacheka. Mwalimu alifikiri namfanyia mzaha, akanirudisha nyumbani wa kwanza. Sikulia. Nilitembea moja kwa moja mpaka darajani, pale barabara ya Nairobi inapovuka mto Tana, nikakaa kwenye kivuli cha nguzo kuwangoja. Kama wanachelewa, basi angalau niwe wa kwanza kuwaona.

Ngamia walikuja kweli, kundi kubwa, vumbi limesimama juu yao, ila walikuwa wanatoka nyuma yangu, upande wa mji. Nikamkimbilia mchungaji.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa tajiri mmoja. Wanaenda kuuzwa."

"Hujaona wengine wanatoka Nairobi kuja huku? Hamsini?"

Mchungaji alisimama kabisa, akaegemea fimbo yake. "Dada yangu mdogo, mimi nimepeleka ngamia Nairobi tangu sina ndevu. Wanaenda. Sijaona hata mmoja akirudi. Ukiona ngamia anatoka Nairobi, huyo kimbia, huyo si ngamia."

Nilirudi nyumbani jua la saa saba likinipiga kichwani, na kwa mara ya kwanza boma yangu niliiona ilivyo: rundo la miiba.

Wiki chache baadaye chifu alituma neno. Watu wa jeshi wanakuja, na daktari wao, watakaa siku mbili kwenye ukumbi wa ofisi ambazo wazee bado wanaziita kwa DC. Wanaita wote walioumia kazini, waje waonekane, waandikishwe malipo ya kila mwezi, na watoto wao wasaidiwe karo. Hooyo alisikia sokoni, akaja mbio na vyombo havijaisha maziwa. Yeye si mtu wa kukimbia.

Lakini Adeer Gedi alikuwa ameshafika.

"Kila mwezi?" alikuwa anamwambia Aabo. "Kidogo kidogo? Nani katika hii dunia alilipa diya kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni la duka? Ukienda pale ukaweka dole gumba, umesema sawa. Umeuza mguu kwa bei ya sukari na kesi imefungwa. Waambie walete yote, mbele ya wazee, na jamaa wapate haki yao. Si sisi tungechanga kama wewe ndiye ungemuua mtu?"

"Na mtoto?" Hooyo alisema kutoka mlangoni. "Mtoto anakaa nyumbani muhula mzima, anaokota miiba."

"Mtoto atasoma shule yoyote."

"Wewe wako anasoma yoyote?"

Adeer Gedi akanywa chai. Aabo alikuwa anaangalia kile kiatu kimoja mguuni mwake. Aliongea polepole, na sikuwahi kumsikia hivyo.

"Mimi sitaki ngamia wao, Gedi, na sitaki hizo za mwezi. Nikipokea, maana yake tumemalizana. Mimi na jeshi, mimi na ile barabara, wale tuliokuwa nao kwenye lori. Tunashikana mikono, kwaheri. Mimi sijamaliza." Akavuta magongo yake. "Siendi."

Siku ya kwanza ya wale watu wa jeshi Hooyo alienda sokoni alfajiri, uso wake umefungwa kama mlango. Aabo alilala akiangalia ukuta. Na Ayeeyo akavaa shuka yake safi, akanishika mkono.

"Twende. Wewe unajua Kiswahili."

"Tunaenda wapi?"

"Kuchukua ngamia. Wanaume wa nyumba hii wanabishana tu."

Sisi watoto ndio tulikuwa midomo ya wakubwa wetu. Hospitali, ofisini, kwa fundi simu, mtoto wa shule anasimama katikati na kutafsiri, na wakati mwingine anaamua vitu vikubwa kuliko umri wake. Ukumbini tulikaa kwenye benchi tukingoja, mimi nikitikisa miguu mpaka Ayeeyo akaibana kwa mkono. Mwisho tukaitwa. Nyuma ya meza alikuwa mwanamke, amevaa nguo za kawaida lakini viatu vya jeshi, vya aina ile ile ya Aabo. Hilo lilinipa nguvu.

"Mwambie," Ayeeyo alianza, "nimekuja kuchukua ngamia wa mwanangu. Hamsini. Madume wasizidi watano, madume wana kazi gani. Na boma ipo tayari."

Nilitafsiri yote, hata ya madume. Kijana aliyekuwa akiandika kando aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Yule mwanamke hakucheka.

"Mwambie shosho sisi hatuna ngamia. Tuna pensheni na tuna karo."

"Amesema nini?" Ayeeyo akauliza.

"Amesema hakuna ngamia."

Ayeeyo akaanza kuinuka. Yeye akiinuka ameinuka, na mimi niliona shule yangu, sweta ya kijani na kila kitu, inatoka mlangoni pamoja naye. Nikashika shuka yake.

"Ngoja Ayeeyo, ngoja kidogo." Nikamgeukia mwanamke na kuongea mbio mpaka maneno yakagongana. "Pensheni ni nini?"

"Ni pesa baba yako atapata kila mwezi, maisha yake yote. Na karo ni yenu watoto, mpaka mmalize fomu four."

"Akishapokea, kesi imefungwa?"

"Kesi gani?"

"Ya mguu."

Aliweka kalamu chini. "Mguu haulipwi, mtoto wangu. Nani ana pesa ya kulipa mguu? Hii ni ya kula na ya kusoma. Kesi yake anaijua mwenyewe na Mungu wake. Na akipokea leo, kesho bado ni mwenzetu. Namba yake ya jeshi haipewi mtu mwingine."

"Na adeer zake watapata ngapi?"

"Adeer ni nani?"

"Jamaa. Wale wa kugawana."

"Hawapati kitu. Hii ni ya baba yako na nyumba yake. Hata yeye mwenyewe hawezi kuiuza."

Hapo ndipo ile hadithi iliyonichosha ikasimama mbele yangu kama mtu. Sijui ilitoka wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nina hasira ya kukosa hamsini. Lakini nilimgeukia Ayeeyo nikasema kwa Kisomali, "Ayeeyo, si diya. Ni ngamia wa maziwa. Ngamia mwenyewe anabaki kwao. Sisi tunapewa maziwa, kila mwezi. Hachinjwi. Hagawanywi. Ni wa kinywa cha mtoto."

Ayeeyo akakaa tena. Alimwangalia yule mwanamke muda mrefu, kama anayemwangalia mtu aliyemsikia kwa habari tu na sasa amemuona.

"Muulize, na ngamia akikauka?"

Nikauliza vile vile. Yule mwanamke alifikiri kidogo, na nadhani mpaka leo hakuelewa ni ngamia gani, lakini alijibu vizuri. "Mwambie hakauki. Hata baba yako akitangulia, kuna sehemu ya mama yako. Lakini lazima aje mwenyewe, daktari amuone. Kesho saa sita tunafunga vitabu, tunaondoka. Sijui tutarudi lini."

Njiani Ayeeyo alitembea mbele yangu. Mimi, Degdeg, nilikimbia kumfuata.

Jioni Adeer Gedi alikuja tena na mwenzake mmoja, wameshajua Ayeeyo alikwenda. Alikuwa amekasirika lakini na mama mkubwa huwezi kupandisha sauti, kwa hiyo alipandisha nyusi.

"Eeddo, nasikia umetusemea."

"Nimesemea mwanangu."

"Diya ina wazee wake."

"Ndiyo. Siku ikija diya nitakuita." Akachukua kaa la moto kwa koleo, akalitia kwenye chombo, akatikisa, moshi ukatoka. "Gedi, wewe ulikunywa maziwa ya yule ngamia wa ukame. Ulikuwa na tumbo kubwa na shingo kama uzi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, eeddo."

"Baba yako alitaka achinjwe."

"Nimesikia hivyo."

"Nilimfanya nini?"

Adeer Gedi akaangalia mwenzake, akaangalia mkeka. "Unasema ulimpiga fimbo ya goti."

"Bado fimbo ninayo," Ayeeyo akasema, kwa upole kabisa. "Hii serikali imetuazima ngamia wa maziwa. Anayetaka kugawana aje anikute hapo mlangoni."

Mwenzake Adeer Gedi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha Gedi mwenyewe akajifuta uso kwa mkono na kusema, "Haye, sawa. Ngamia wa maziwa hana mgawo. Sheria ni sheria." Na sitamsema vibaya, kwa sababu aliisema mbele ya shahidi, na kutoka siku hiyo hakuna jamaa aliyekuja kudai. Mtu aliyekuwa tayari kudai nusu ya kila kitu kwa sheria aliachia kila kitu kwa sheria hiyo hiyo.

Lakini Aabo alikuwa bado hajakubali, na bila Aabo yote hayo yalikuwa moshi tu. Aliniita. Nikaenda kukaa upande wa kulia, pale penye nafasi.

"Alisemaje kuhusu kesi? Sema maneno yake, usiongeze yako."

Nikasema yote, kwa Kiswahili, kama yalivyotoka. Mguu haulipwi. Kesho bado ni mwenzetu. Namba yake haipewi mtu mwingine. Aliniambia nirudie hilo la namba. Nikarudia. Alikaa muda, na mimi nilijizuia nisitikise miguu, na hiyo mpaka leo ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya.

"Niletee begi," akasema.

Haikuwa Ijumaa, lakini alivipaka rangi vyote viwili.

Asubuhi tulikwenda kwa miguu, yeye na magongo yake, Hooyo upande mmoja, mimi mbele. Jicho alitoka kwenye duka lake la nyama na kisu mkononi. "Langare! Unaenda kupigana tena?" "Ndiyo," Aabo akasema, "nichungie mji." Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda, na Hooyo alipotaka kusimamisha gari la punda alikataa kwa kichwa. Daktari alimpima nyuma ya pazia. Sisi tulisikia tu vyuma, na sauti ya Aabo ikijibu, "Ndiyo afande," sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu arudi. Alipotoka, yule mwanamke alisimama. Aliangalia kiatu kinachong'aa.

"Na cha pili?"

Aabo akaona haya. "Kiko nyumbani, afande. Nakipaka rangi tu. Sijui kwa nini."

"Kitunze. Tunakuombea mguu wa kuvaa. Fundi atataka kiatu chake chenyewe ndiyo apate kimo."

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuja kesho yake. Yalichukua muda mpaka nikarudia darasa la tatu, na wenzangu wote wakanipita, na hiyo iliniuma kuliko miiba. Hooyo aliuza maziwa na kukopa na kuuza. Lakini yakaja, na yalipoanza kuja hayakukauka. Nikarudi akademi. Nikaenda sekondari ya bweni. Mguu nao ulikuja, mzito, unalia kila anapokanyaga, na siku ya kwanza aliyoufunga Aabo alitembea mpaka kwenye kibanda cha chai na viatu viwili, na Jicho akamwita Langare vile vile. Boma yangu Ayeeyo hakuitoa. Aliweka mbuzi wawili. Kweli walikuwa marafiki.

Ayeeyo ametangulia sasa. Kitu kimoja alikuwa mkali nacho, chombo cha jirani. Jirani akikuletea maziwa, chombo chake hakirudi kitupu, hata kama ni kuweka chumvi ya kiganja kimoja. Mimi nimemaliza fomu four, karo yangu imefika mwisho wake, na hicho chombo bado kiko mikononi mwangu. Kwa hiyo nikisikia kuna mtu Hulugho au Masalani amekaa nyumbani na jeraha lake kwa sababu anaogopa kufunga kesi, namtafuta. Baadhi wananiambia mimi ni mtoto wa kike, nina haraka, sijui mambo ya wazee. Ni kweli nina haraka. Watoto wao wanakosa muhula mimi nikiwa mpole.

Chai ilichemka. Nikaipeleka, nikamimina haraka, sina tena haja ya kusikiliza. Yule mama wa Sangailu alikuwa bado anangoja hesabu yake.

"Hakuna ngamia hata mmoja, eeddo," nikasema. "Kuna maziwa."

Alinikazia macho. Kijana ndiye aliyeongea, kwa mara ya kwanza tangu waingie, na bado alikuwa anaangalia ukuta. "Nikichukua, ndiyo tumemalizana nao?"

Kabla sijajibu, sauti ya Aabo ikatoka nje kwenye mkeka wake, ambako alikuwa anajifanya amelala.

"Degdeg. Muulize kiatu chake kingine kiko wapi."

Kijana akainamisha kichwa. "Nilikitupa."

"Hakukitupa," mama yake akasema. Alivuta ule mfuko aliokuja nao, akachimba chini ya nguo, akakitoa, kimejaa vumbi, kamba zake zimefungwa fundo. "Nilikiokota. Sikujua kwa nini."

Nikakichukua, nikampelekea Aabo, na Aabo akafungua kopo la rangi.

"Kesho ofisi ya malipo ya jeshi inafunguliwa saa mbili," nikawaambia. "Saa moja tutakuwa mlangoni."